Mstari wa Matimba

Ulikuwa mwaka ule tuliokula matobolwa mpaka tukaanza kuyaota. Mahindi yaliungua shambani yakiwa hayajafika kiunoni, mpunga wa bondeni ukatoa makapi, na michembe, vile viazi vinavyoanikwa vibichi, iliisha mapema. Yakabaki matobolwa, viazi vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juu ya jiwe mpaka vikawa vigumu kama visigino vyangu. Asubuhi matobolwa, mchana maji, jioni ugali wa udaga, yaani muhogo mkavu, na majani makavu ya kunde, yale tunayoyaita nsansa, yenye mchanga hata ukiyaosha vipi. Nyuma ya kilima, kwenye machimbo ya dhahabu, watu walikuwa wanakula chipsi mayai na kumtupia mbwa paja la kuku lenye nyama. Upepo ukigeuka, harufu ya mafuta yao ilifika mpaka jikoni kwangu, ikakaa pale na sufuria langu tupu. Ndiyo maana sitaji mwaka kwa namba. Mtu yeyote wa kwetu, upande huu wa Kharumwa, ukimwambia mwaka wa matobolwa anaujua, na kabla hajakujibu anatema mate.

Mwaka huo alikufa mpiga ngoma wetu, na mimi nikaambiwa nifute mstari mmoja kwenye wimbo wangu. Habari hii naiandika mwenyewe, kwa mkono huu wa jembe. Nilisoma mpaka darasa la nne, na mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia ya ng'ombe. Lakini sitaki mtu aniandikie. Angeandika kwa adabu.

Mimi ni ningi. Kwa Kisukuma, ningi ni mtunzi anayesimama mbele ya kikundi na kuanzisha wimbo, wengine wanaitikia. Nilipokuwa msichana wanawake wengi waliitikia tu. Mimi nilichoka kuitikia maneno ya wanaume wasiojua hata chumvi inatiwa lini, nikaanza kuanzisha. Baba akasema nitakosa mume. Nilipata mume, nikapata watoto, nikapata wajukuu, na wajukuu wangu wote wanajua kurusha jembe likazunguka hewani na kulidaka kwa mpini, hata yule wa kwanza ambaye ni nesi Geita. Akija likizo anavua viatu vyake vyeupe anaingia kwenye mstari. Sina aibu kujisifu kwa hilo.

Watu wa mjini wanadhani ngoma ya majembe ni kurukaruka. Ni kilimo. Mwenye shamba kubwa anaita kikundi, anapika, sisi tunapanga mstari, ngoma inalia, majembe yanashuka pamoja. Mimi ndiye nimeshika migongo ya watu. Nikiimba pole pole wanapumua, nikikaza wanakaza. Jua likiwa kali na mtu anataka kutupa jembe, namtania kidogo, namwimbia mama mkwe wake, anacheka, anaendelea. Kazi ya ningi ni hiyo ya kwanza.

Ya pili ni kusema. Mwenyekiti aliyekula mahindi ya msaada, nilimwimba. Mume aliyeuza pamba ya mwaka mzima akarudi nyumbani na kofia mpya tu kichwani, nilimwimba, na mkewe alikuwa humo humo kwenye mstari, akaitikia kuliko watu wote. Na kwetu aliyeimbwa hamkamati mtu wala hampeleki mtu kwa mtendaji. Anajibu kwa wimbo. Kama hana sauti anatafuta ningi wa kumsemea. Kama hana jibu, anatulia na kujirekebisha. Yule wa kofia alijibu, kwa wimbo mbaya sijapata kuusikia, tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini msimu uliofuata aliezeka nyumba kwa bati.

Siku hizi tunaitwa wasanii. Mgeni mkubwa akija, tunapakiwa kwenye fuso kama mbuzi wa mnada, tunashushwa uwanjani asubuhi, tunachomwa na jua mpaka mgeni afike mchana akiwa ameshakula. Yeye anakaa chini ya hema. Sisi hema letu ni nywele. Halafu anakuja mtu mwenye kitambulisho shingoni: "Mama, dakika chache tu, mgeni ana haraka." Nikiwa nasalimia watu, kipaza sauti kinafanya kazi vizuri sana. Nikifika kwenye maneno yenyewe, kinaharibika. Kila mara. Nimezunguka na kikundi hiki viwanja vingi na sijaona kipaza sauti kinachoharibika wakati wa kusifu.

Na wasanii wenyewe tumo humo. Wapo vijana wenye sauti ya kukusimamisha nywele, wanaitumia kutaja majina ya wenye magari. Mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, anatajwa. Mwenye baa, anatajwa. Amefanya nini? Ana karasha. Ana baa. Basi wimbo umekwisha. Hasira yangu haikuanzia kwa mwenye duara, yule mwenye shimo la dhahabu nitakayemsema, ninyi mnaosoma mjue. Aliikuta iko jikoni, imeshachemka.

Mpiga ngoma wetu alikuwa kijana wa jirani yangu. Mama yake ndiye mwitikiaji wangu wa kwanza, sauti yake na yangu zimekaa pamoja tangu tukiwa wasichana wa kutwanga. Alicheza ngoma na mimba ya mtoto huyo mpaka karibu na kujifungua, na tulikuwa tunamtania kijana kwamba alianza kupiga akiwa tumboni. Alikuwa na tabia moja. Kabla ya kupiga aliinamia ngoma, akainusa ngozi. Siku moja nikamuuliza, "Unanusa nini wewe?"

"Naangalia kama ng'ombe bado yumo, bibi."

"Na akiwa ametoka?"

"Basi mtalima bila mimi."

Matobolwa ndiyo yalimfukuza. Alikuwa na mke na mtoto mdogo asiyeweza kutafuna yale mawe. Alikuja kuniaga na ngoma begani, akaniomba nimtundikie juu panya wasiifikie, akasema atarudi mvua zikianza. Akaenda nyuma ya kilima kuchimba.

Duara ni shimo linaloshuka wima, jembamba, halafu linageuka kufuata mwamba wenye dhahabu. Kuta zake zinashikiliwa na magogo, na magogo hayo wachimbaji wanayaita matimba. Matimba yakilowa yanaoza, yakioza yanabadilishwa. Hakuna siri hapo. Hata mimi ambaye sijawahi kushuka shimoni najua nguzo ya nyumba ikioza unafanya nini. Wachimbaji wa duara lile walimwambia mwenye duara. Walimpandishia kipande cha gogo juu, wakamwonyesha, mmoja akakichoma kidole na kidole kikaingia kama kwenye uji. Mwenye duara akasema mwamba wa safari hii ni mzuri, wamalizie kwanza, magogo yataletwa. Haya nimeambiwa na wenzake yule kijana, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja akiangalia pembeni.

Mbao zililetwa. Zilikuwa za jeneza.

Msibani mwenye duara alileta ng'ombe na mchele. Mchele, mwaka huo! Watu ambao hawakuwa wameona wali tangu mavuno yaliyopita walikaa chini wakala, na mimi nilikula, nilikuwa na njaa. Kisha akasimama, kofia mkononi, akasema haya yote ni mipango ya Mungu. Sisi tukaitikia amina na wali mdomoni. Nikamwangalia mama wa marehemu. Hakuwa ameigusa sahani yake, na hakuitikia. Mwitikiaji wangu! Mtu ambaye hata mbuzi akilia anaitikia! Nikajiuliza, Mungu alikabidhiwa duara lile lini? Ni Mungu aliyeambiwa alete magogo akachelewa? Nikaweka sahani chini.

Mimi situngi kwa kukaa na kufikiri. Natunga mikono ikiwa na kazi. Wimbo huu ulinijia nikichambua nsansa uani kwangu, mama wa marehemu yuko pembeni anachambua zake. Nikaanza kuuimba kwa chini, kwa Kisukuma. Kwa Kiswahili unapungua utamu, lakini ni hivi:

Aliyeinusa ngozi kalala, ngoma ataiamsha nani?
Shimo limemmeza na meno yake mabovu.
Matimba yalioza, kidole kiliingia,
mwenye duara aliona, akasema chimbeni.

Pale kwenye mwenye duara naweka jina lake, la kwake na la baba yake. Hapa siliandiki. Sio woga. Kwenye ngoma anaweza kusimama akanijibu, kwenye karatasi hawezi, na mimi simpigi mtu aliyefungwa mikono.

Mama wa marehemu aliacha kuchambua.

"Imba tena."

Nikaimba.

"Tena huo wa matimba."

Nikaurudia. Akasema, "Mwenzangu, watu wa serikali waliokuja na kalamu waliandika, sijui waliandika nini. Mchungaji alihubiri, alihubiri mbinguni. Wewe umesema kilichomuua. Watakuja kukuomba uutoe. Usiutoe."

"Nani ataniomba?"

"Watakuja. Na ukiutoa, mimi sikuitikii tena. Utaimba peke yako kama jogoo."

Akarudi kwenye majani yake. Hakulia. Ningependa angelia.

Tuliuimba kwanza tukilima shamba la mchungaji, kisha mahali pengine, na baada ya hapo haukuwa wangu tena. Mama ntilie wa machimboni waliuimba wakikaanga viazi. Vijana wa karasha waliuimba wakijaza mawe. Mjukuu wangu nesi alinipigia simu kutoka Geita: "Bibi, wimbo wako nimeuletewa kwenye simu na mgonjwa!" Nikamuuliza kama mstari wa matimba umo. Umo. Akasema, "Bibi, yule mtu ana watu wengi. Una presha wewe." Nikamwambia presha yangu naijua, tangu zamani inapanda nikinyamaza.

Mwenye duara akaja. Gari lake lilifika mpaka kwenye kizizi changu, likawatisha kuku, na kijana wake wa kazi akashusha kreti ya soda. Mtu huyu ni mzaliwa wa hapa hapa. Niliimba kwenye harusi ya mama yake. Nilimbeba mgongoni. Ananiita mayu, yaani mama, kama wanavyoniita wote wa umri wake.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Kaa kwenye kigoda, viti hakuna."

Akakaa, magoti yakafika kidevuni. "Mayu, wimbo wako nimeusikia. Mzuri. Kweli nimeupenda."

"Wabeja," nikamshukuru.

"Tatizo ni pale katikati."

"Katikati pana nini?"

"Mayu na wewe! Pale mnaponitaja. Mimi ni mtoto wako. Umenibeba mimi."

"Nilikubeba, na uliniharia mgongoni. Siku hiyo pia nilisema wazi kwamba unanuka. Sikuficha."

Akacheka kidogo, akamwangalia kijana wake kama amesikia. Alikuwa amesikia, alikuwa ameuma mdomo. "Mayu, sikiliza. Watu wa ofisini wakiusikia wimbo ule watadhani ni kweli."

"Siyo kweli?"

Akaitazama kreti. Kuku wakarudi, wakaanza kudonoa karibu na viatu vyake.

"Yule kijana nami nilimpenda," akasema.

"Sijakuuliza hilo. Nimeuliza matimba."

"Mayu, machimbo yana mambo mengi."

"Basi nijibu. Unajua utaratibu, hukuzaliwa Ulaya. Tafuta ningi, mtoe Ushirombo, mtoe Shinyanga, mtoe unakotaka. Aje uwanjani asimame mbele ya watu aimbe kwamba magogo yalikuwa mazima. Akinishinda nitanyamaza, na jembe langu nitakupa wewe."

Akatikisa kichwa. "Hayo ya kujibizana ni ya zamani. Mimi nataka kuwainua. Nitawanunulia sare. Ngoma mpya zote. Nawapeleka studio pale Nyasubi, mnarekodi, mnaonekana. Kitu gani mstari mmoja katika wimbo mrefu vile?"

"Kama si kitu, kwa nini umekuja na gari zima?"

Aliondoka bila kuaga vizuri. Soda akaziacha makusudi. Watoto wa jirani walizinywa, mimi sikuonja.

Sasa sikilizeni kikundi changu. Nilipowaambia, nilidhani watapiga vigelegele. Mzee mmoja wa kurusha jembe, mtu wa utani siku zote, alinyoosha mkono juu. "Mayu, tazama hapa. Shati limechanika toka kwapa mpaka ubavuni. Nikirusha jembe watoto wanahesabu mbavu zangu. Na wewe unakataa sare!"

"Shona," nikasema.

"Nishone nini, uzi na uzi?"

Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa upande wake. Wengine wakaanza: marehemu harudi, mstari haumfufui, huu ni mwaka wa njaa, kiburi chako kitatulaza na njaa hiyo hiyo. Kiburi. Mwanaume akikataa ana msimamo, bibi akikataa ana kiburi. Mama wa marehemu alikuwa ameketi pembeni na jembe lake mapajani. Hakunitetea. Alinitazama tu kuona nitasema nini. Nikasema wimbo ni wangu na mdomo ni wangu, anayetaka sare aende akaimbe yeye.

Baada ya hapo akaja afisa wa utamaduni, kijana msafi, ana kauli nzuri. Akatukusanya, akatuambia kutakuwa na siku ya ngoma kwenye kiwanja cha shule, na kikundi kitakachofanya vizuri kitakwenda kwenye tamasha la mkoa. Wasanii, akasema, kazi yetu ni kuburudisha na kuelimisha jamii.

"Kuelimisha nini?" nikamuuliza.

"Mambo mbalimbali, mama. Usafi, lishe, amani."

"Na matimba yaliyooza?"

Akatabasamu kama mtu aliyeumwa na jino. "Hayo pia, mama, lakini bila kutaja watu. Tunaelimisha kwa ujumla."

Kwa ujumla! Kijana hakufa kwa ujumla. Alikufa kwenye shimo moja, lenye mwenyewe mmoja. Na wimbo usiomtaja mtu unamwelimisha nani? Kila mtu anautikisia kichwa akidhani anaambiwa jirani. Nilitaka kumweleza hayo, ila alikuwa ameshafungua faili lake. Siku hiyo ya ngoma, akasema, imefadhiliwa na mdau wetu wa maendeleo. Kila mtu kwenye ule mkeka alijua mdau ni nani.

Nilikwenda. Kuna walioniambia nisiende, nijifanye naumwa. Sijawahi kuumwa na ngoma maishani mwangu.

Uwanja ulijaa. Machimbo yalikuwa yamefungwa siku hiyo, wachimbaji wote walikuja, bado wana vumbi la mawe kwenye kope. Safari hii hata sisi tuliwekewa hema, nikajua kuna jambo. Pilau ilikuwa inapikwa nyuma ya madarasa, na harufu yake ilikuwa inatembea kati ya watu kama polisi, inamkagua kila mmoja. Vikundi vya mbele yetu viliimba. Vyote vilimtaja mdau. Kimoja kilimfananisha na mvua, mwaka ule wa ukame, na watu wakapiga makofi.

Tukaingia. Ngoma ya marehemu aliipiga binamu yake, bila kuinusa. Mama wa marehemu alisimama kulia kwangu, mahali pake pa siku zote. Nikaanza kwa kuamkia, nikaingia ubeti wa kwanza, wakaitikia vizuri hata wale waliotaka sare. Aliyeinusa ngozi kalala, ngoma ataiamsha nani? Wachimbaji walisimama, wakakaribia, wakavua kofia. Wengine walianza kuitikia nasi. Nikaingia wa shimo na meno mabovu. Mstari unaofuata ni wa matimba, kila mtu alijua ni wa matimba, nikaona midomo imeshafunguka kuupokea.

Hapo mwenye duara akatoka chini ya hema lake akicheza. Anacheza vizuri, siwezi kumnyima, tulimfundisha sisi. Akaja mpaka mbele yangu, akakunjua kitenge kipya, doti nzima, akanizungushia mabegani. Vigelegele! Akainua mikono kwa watu, akabaki amesimama pale, ananisubiri.

Kwa asiye wa kwetu nieleze. Ningi akitunzwa nguo wimbo ukiwa unaendelea, maneno yanayofuata mdomoni mwake lazima yawe jina la aliyemtunza, na sifa yake. Nguo juu ya bega ni heshima, na heshima inarudishwa pale pale, ngoma haijanyamaza. Sijawahi kuona ningi aliyekosa kuirudisha. Na ningi akinyamaza katikati ya wimbo wake, ameshindwa, hata kama hakuna mshindani. Watu wanamzomea, anatoka.

Mtu wa kutoka mbali asingejua kufanya vile. Mgeni angetuma polisi, au angenizimia kipaza sauti kama kawaida yao. Huyu aliniambia kujibizana kwa nyimbo ni mambo ya zamani, kumbe zamani hiyo hiyo alikuwa ameificha mfukoni, amechagua kipande kinachomfaa. Alisubiri ubeti. Alihesabu mistari. Akanifunga kwa kitu changu mwenyewe, kitu nilichokuwa nakilinda tangu yeye ananyonya, akanifunga nacho mbele ya mama wa mtoto aliyemfukia. Hasira niliyoipata pale, jamani, niliisikia kwenye meno. Ningekuwa na jembe mkononi sijui ningeandika nini hapa leo. Jembe nilikuwa nimempa mwenzangu anishikie.

Nikanyamaza.

Majembe yaliyokuwa hewani yalidakwa na hayakurushwa tena. Ngoma iliendelea peke yake kidogo, ikapotea njia, ikaacha. Kwenye ule uwanja nikawa nasikia kuni za pilau zikipasuka. Mzee wa shati lililochanika akaninong'oneza kutoka nyuma, "Mayu, litaje tu jina, mara moja, halafu tule." Sikugeuka. Niligeuza macho tu, upande wa kulia. Mama wa marehemu alikuwa anautazama mdomo wangu. Siyo uso, mdomo.

Niyaseme kabisa yaliyofuata, ili nimalizie ninapotaka mimi. Hatukwenda mkoani. Kile kikundi kilichomwita mvua ndicho kilichokwenda. Sare hatukupata, na baadhi ya watu wangu walihama, wakapata zao, za rangi ya gari lake. Mwaka uliofuata hakuna ofisi iliyotuita kumpokea mgeni, na hilo sikulilia. Waliobaki tunalima na kuimba, na mwitikiaji wangu bado anasimama kulia. Mjukuu wangu alinipima presha alipokuja, akashangaa imeshuka.

Nikakivua kile kitenge. Nilikikunja vizuri, pembe kwa pembe, kwa sababu nguo haikuwa na kosa, nikamwekea mikononi. Alikuwa bado anatabasamu, tabasamu limekauka kama matope kwenye gurudumu. Akasema kwa chini, "Mayu, watu wanaangalia. Nitaje."

Nikamwambia, "Jina lako nitalitaja pale lilipo kwenye wimbo wangu. Mahali pengine silitaji."

Wa nyuma hawakusikia, wakaanza kuulizana bibi kasema nini. Wachache walizomea, wachimbaji wakawanyamazisha. Afisa wa utamaduni akakimbilia pale na kipaza sauti mkononi, jasho limemlowesha kola, akajichekesha mbele ya watu. "Mama yetu amechoka kidogo na jua, ni kawaida! Mama, mdau wetu amekuheshimu. Haya, neno moja tu la shukrani, watu wote wakusikie." Akanisogezea kipaza sauti mdomoni. Kilikuwa kinafanya kazi vizuri sana, nilisikia pumzi yangu inatoka mpaka kwenye maspika ya huko mwisho wa uwanja.

"Jina lako nitalitaja pale lilipo kwenye wimbo wangu. Mahali pengine silitaji."